Kibanja, Kyapa na Nauli: Kutafuta Nyumba ya Familia Nje ya Kampala

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Arua akiwa na furaha tele. Ameonyeshwa poloti mbili Wobulenzi, zinapakana, kila moja futi 50 kwa 100, udongo ule ule mwekundu, mwembe mmoja unazitilia kivuli zote mbili. Ya kwanza inauzwa shilingi milioni 12, ya pili milioni 22. "Kaka, huyu wa milioni 22 ameniona mgeni," akasema. Nikamuuliza ipi ni kibanja, yaani haki ya anayekaa juu ya ardhi, na ipi ina kyapa, yaani hati ya ardhi. Akanyamaza. Dalali hakumwambia, naye hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya familia nyingine zinazozungumza Kiswahili hapa Uganda: sisi wa Bombo, askari waliostaafu, wafanyabiashara wa Kisenyi waliotoka Kongo na Kenya, watu wa kaskazini waliofuata kazi mjini. Wengi wetu hatukulelewa katika desturi ya ardhi ya Buganda, na miji midogo iliyo karibu na Kampala imo ndani ya Buganda. Maneno ambayo Mganda ameyasikia kwa babu yake tangu utotoni, sisi tunayasikia mara ya kwanza siku ya kutoa pesa.

Watu wanatoka mjini kwa wingi. Sensa ya 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 katika wilaya ya Wakiso inayoizunguka Kampala, ilhali Kampala yenyewe haikufika milioni 2. Anayefanya kazi mjini analala Nansana, Kira, Kyengera au Matugga. Na kwa kuwa Wakiso nayo imeshapanda bei, wenye kipato cha kawaida wanasogea hatua moja mbele: Mukono na Lugazi kwenye barabara ya Jinja, Mpigi kwenye barabara ya Masaka, Busunju kwenye barabara ya Hoima, Mityana, na huku kwetu Bombo na Wobulenzi kwenye barabara ya Gulu. Huko ndiko mtu mwenye watoto wanne bado anaweza kufikiria vyumba vitatu, choo cha ndani na nafasi ya kufuga kuku.

Lakini kule bei peke yake haikwambii kitu. Kabla ya kujua kama poloti ni ya bei nafuu, lazima ujue unauziwa haki gani juu yake. Hilo ndilo lililo gumu, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Haki mbili juu ya udongo mmoja

Mambo yalianza mwaka 1900. Katika Mkataba wa Buganda, Waingereza waliigawa ardhi ya ufalme kwa maili za mraba. Kabaka, mfalme wa Buganda, alipata maili 350, na machifu na wakubwa wapatao elfu moja wakapangiwa maili 8,000. Ndipo lilipotoka neno mailo, jina la umiliki wa namna hiyo. Waliopewa waliandikwa kwenye hati, na hati hiyo ndiyo inayoitwa kyapa mpaka leo. Ila ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na watu wenye migomba, nyumba na makaburi ya wazee wao, na watu hao hawakuandikwa popote. Waliamka wakiwa wapangaji kwenye mashamba ya baba zao.

Wenye hati walipozidisha madai, sheria ya mwaka 1928 iliweka kikomo. Mkulima alipe busuulu, yaani kodi ya mwaka ya kiwanja, na envujjo, sehemu ya mazao, kwa kiwango kilichopangwa, na asifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikairudisha kwa raia na mailo ikafufuka. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1998 ikajaribu kuwaweka chini ya mwembe mmoja mwenye hati na mwenye migomba.

Kwa hiyo leo, juu ya udongo ule ule, kunaweza kuwa na watu wawili wenye haki. Mmoja ana kyapa: jina lake limo kwenye daftari la serikali. Mwingine ana kibanja: anaishi pale, amepanda, amejenga, anaweza kurithisha watoto wake, na sheria inamlinda asitolewe. Wapo wanaodhani mmoja wao ni mwenye mali na mwingine mvamizi. Sivyo. Wote wawili wana kitu, na kila mmoja anaweza kukiuza chake. Ukinunua kwa mmoja, umenunua nusu ya habari.

Sasa angalia kibanja kwa undani, maana ndicho kinachouzwa kwa bei ya chini na ndicho kinachowaliza watu.

Sheria haimlindi kila aliyekaa juu ya ardhi ya mtu. Inamlinda aliyeingia kwa idhini ya mwenye ardhi au chini ya zile sheria za zamani. Inamlinda pia aliyekuwa amekaa miaka 12 au zaidi bila kupingwa kabla ya Katiba ya 1995, na aliyepokea haki hiyo kutoka kwake kwa njia halali. Hesabu miaka hiyo: mtu wa namna ya pili alikuwa pale tangu karibu 1983. Kwa hiyo kibanja kipya hakizaliwi hivi hivi. Mtu akikata kipande cha msitu wa mwenye ardhi mwaka juzi, akapanda muhogo, kisha akakuletea "kibanja cha familia", hakuna haki aliyonayo ya kukuuzia. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: ninyi mliingia hapa lini, na kwa idhini ya nani? Swali hilo hilo ulipeleke pia kwa majirani, wazee kwa vijana, muuzaji akiwa hayupo.

La pili ni idhini ya mwenye kyapa. Mwenye kibanja anayetaka kuuza anatakiwa kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2010 yaliweka meno: anayeuza bila kufanya hivyo ametenda kosa, anaweza kutozwa faini au kufungwa, na haki yake inapotea, ardhi ikarudi kwa mwenye hati. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Muuzaji amekwisha kula pesa na kwenda zake. Anayebaki pale bila haki ni wewe, mnunuzi, ukiwa na msingi wa nyumba na karatasi yenye muhuri wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Ndiyo maana Waganda hawauzi kibanja bila kumpeleka mnunuzi kwa mwenye ardhi, na mwenye ardhi huyo kupewa kile wanachokiita kanzu. Hiyo kanzu ni malipo ya kutambulishwa, na kiasi chake hupatanwa. Dai risiti yake, na dai jina lako liandikwe kama mwenye kibanja mpya.

Ukishaandikwa, unalipa busuulu kila mwaka. Kiwango si cha kutisha. Serikali ilipanga mwaka 2011 shilingi 5,000 vijijini, kikipanda kulingana na hadhi ya mji hadi 50,000 katika jiji. Sheria ya 2010 inasema mwenye kibanja halali hawezi kuondolewa isipokuwa kwa kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama. Hivyo risiti za busuulu ni ukuta wa nyumba yako. Zihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na unapouziwa kibanja, omba kuona risiti za muuzaji. Asipokuwa na hata moja, au mwenye ardhi akikataa kupokea busuulu yake, hapo kuna ugomvi unaoendelea, na wewe unaalikwa uingie katikati.

Wapo wasomaji watakaosema basi, tuachane na vibanja, tununue kyapa tu. Nawaelewa, ila hiyo nayo ina mtego wake.

Mwenye hati akiuza ardhi, haki ya mwenye kibanja haiondoki. Inabaki pale pale, ikamfuata mmiliki mpya. Kwa hiyo unaweza kuuziwa kyapa safi kabisa, chenye jina sahihi, kisichodaiwa popote, kwa bei ya chini mno, kwa sababu juu yake kuna familia tano ambazo sheria inakukataza kuzigusa. Karatasi haitakuonyesha watu hao. Utawaona kwa miguu yako. Tembea poloti nzima, angalia migomba, angalia makaburi, angalia njia iliyokanyagwa na miguu ya kila siku. Waganda wanazika nyumbani, na kaburi kwenye poloti ni ushahidi unaosema zaidi ya dalali. Mahali penye wapangaji, njia ya heshima ni kukaa nao na mwenye hati mkubaliane: ama wanunue sehemu yao wapate hati yao, ama wagawane ardhi, ama walipwe waondoke kwa ridhaa yao kwa maandishi. Ardhi ambayo makubaliano hayo yamekwisha ndiyo inayouzwa milioni 22, na ile tofauti ya milioni 10 kwa jirani yake ni gharama ya kazi hiyo.

Kwenye ardhi iliyo chini ya Kabaka mambo yanapitia Bodi ya Ardhi ya Buganda. Hapo mwenye kibanja anaweza kuandikishwa, na akitaka anaweza kupata hati ya lisi, yaani ya kukodi kwa miaka mingi. Ukiambiwa kibanja kiko juu ya ardhi ya Kabaka, nenda ofisi za bodi hiyo ukathibitishe mwenyewe, usitosheke na kadi ya plastiki anayokuonyesha muuzaji.

Nilivyojifunza

Hili la kutothibitisha nalijua kwa maumivu. Mwaka ambao mtoto wetu wa tatu alizaliwa, tulikuwa tunapanga vyumba viwili Kawempe, ndani ya Kampala, na kila mvua kubwa maji yalikuwa yanaingia mpaka kwenye kitanda. Tukapata kibanja upande wa Kakiri. Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, alituonyesha kaburi la baba yake akatuambia ndiye aliyemwachia. Mwenyekiti wa LC alikuwepo, akapiga muhuri. Tulilipa nusu. Baada ya wiki tatu walikuja dada zake wawili na mjomba, dada hao wakiwa na haki sawa na yake. Baba alikuwa na watoto sita, na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Kijana alikuwa ameuza mali ya watu sita kwa mdomo wa mmoja.

Tulirudishiwa sehemu ya pesa baada ya miezi minane. Mama watoto hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo nina kanuni: mali ya marehemu hainunuliwi mpaka nimeona barua za usimamizi zilizotolewa na mahakama, na majina ya wasimamizi yanalingana na watu walioketi mbele yangu. Wote wasaini. Na kama muuzaji ana mke au mume na familia inaishi pale au inapategemea, sheria inataka mwenzi huyo akubali kwa maandishi. Kwa ndugu zangu Waislamu wenye wake wawili, usiridhike na mke mmoja aliyeletwa siku ya kusaini. Uliza nani analima pale, nani analala pale. LC 1 ni shahidi mzuri wa nani anakaa wapi, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki wa ardhi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wenye Kiswahili hasa. Mikataba ya mauzo huku huandikwa kwa Kiganda au kwa Kiingereza. Nimeona wanaume wazima wakisaini ukurasa wasioelewa hata mstari mmoja, kwa sababu waliona aibu kuuliza. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na sheria hiyo humhesabu mtu kuwa hajui kusoma hata kama tatizo ni kwamba haelewi lugha ya hati husika. Hakuna aibu hapo. Dai mkataba usomwe kwa Kiswahili, na aliyekusomea na kukutafsiria aandike jina lake na anwani yake chini. Mwandishi anayekasirika kwa ombi hilo amekuonyesha alivyo.

Karatasi na daftari

Kyapa cha mailo kina anwani yake, na anwani hiyo hutumia majina ya kaunti za zamani za Buganda. Ardhi ya Bombo na Wobulenzi huandikwa Bulemeezi, kisha namba ya bloku na ya poloti. Ya Wakiso huwa Kyadondo au Busiro, ya Mukono Kyaggwe, ya Mpigi Mawokota, ya Mityana Ssingo. Ukiuziwa ardhi Wobulenzi kwa hati iliyoandikwa Kyadondo, simama hapo hapo.

Ukishapata namba hizo, peleka maombi ya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda. Kumbukumbu ziko kwenye kompyuta sasa, na ada ya serikali ni ndogo ukilinganisha na nauli ya kwenda. Barua ya majibu itakutajia jina la mwenye hati, ukubwa, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lililowekwa na mtu anayedai haki. Nenda mwenyewe au na wakili wako. Usikubali upekuzi uliofanywa na muuzaji, hata kama una mihuri mitatu. Kisha mlipe mpima ardhi unayemchagua wewe aende akafungue mipaka. Mawe ya mpaka yana tabia ya kuhama, na poloti iliyo kwenye karatasi inaweza kuwa upande wa pili wa barabara ukilinganisha na ile uliyoonyeshwa.

Kuhusu ukubwa, jifunze hesabu ya desimali. Eka moja ni desimali 100, na futi 50 kwa 100 ni kama desimali 11 na nusu. Hati ikisema desimali 9, umeshapoteza ukubwa wa jiko na choo.

Kampuni zinazonunua eka nyingi, kuzikata poloti na kuziuza kwa awamu zimewafaa wengi, maana mtu wa mshahara mdogo anaweza kulipa kidogo kidogo. Waulize jambo moja: hati mama, ile ya ardhi nzima kabla ya kukatwa, iko kwa jina la nani, na mgawanyo umeshasajiliwa au bado? Ikiwa hati mama bado ni ya mzee fulani aliyelipwa nusu, awamu zako zinajenga juu ya deni la mtu mwingine. Kadiri iwezekanavyo, malipo makubwa ya mwisho yasubiri hati yenye namba ya poloti yako. Na weka akiba ya ushuru wa stempu: asilimia 1.5 ya thamani atakayoipanga mthamini wa serikali. Kwa ardhi ya milioni 40 ni shilingi 600,000, na kwa kawaida analipa mnunuzi.

Ukivuka Mto Nile kule Njeru kwenda Jinja, mchezo unabadilika. Njeru ni Buganda, mailo ipo. Jinja ni Busoga, na huko utakutana zaidi na ardhi ya kimila ya koo, milki huru (hati isiyo na kikomo cha miaka), na mjini lisi. Daraja ni moja, lakini maswali ya upande wa pili si yale yale. Na ndugu zetu wasio raia, Wakenya, Wakongo, Watanzania, wafahamu kwamba sheria ya Uganda haiwaruhusu kumiliki mailo wala milki huru. Wanaweza kupata lisi tu, isiyozidi miaka 99. Wengi wamewahi kuandika ardhi kwa jina la shemeji au rafiki raia. Siku shemeji anafariki, watoto wake wanakuja na barua za mirathi, na huna pa kushika.

Bei isiyoandikwa kwenye mkataba

Sasa tuseme haki ni safi. Je, nyumba ya Wobulenzi ni nafuu kuliko ya Kawempe?

Chukua kalamu. Mtu mmoja akitumia shilingi 10,000 kwa siku kwenda na kurudi, siku 26 za kazi ni 260,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 3,120,000. Wakienda wawili, mume na mke, ni zaidi ya milioni 6. Katika miaka mitano nauli yao imepita bei ya ile poloti yenye hati. Ongeza boda boda kutoka lami hadi nyumbani, maana poloti za bei ya chini hazipo kando ya lami. Dalali husema dakika tano kutoka barabara kuu, na dakika hizo ni za pikipiki, mchana, bila mvua. Msongamano wa Kalerwe na Bwaise nao una gharama ambayo haiandikiki: baba anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku anawaona watoto wakiwa wamelala.

Hapa nina msimamo, na wengine wasikubaliane nami. Familia ambayo wazazi wote wawili lazima waingie katikati ya Kampala kila siku haipaswi kuvuka Matugga, Seeta au Nsangi, hata kama itapata poloti ndogo zaidi. Bombo, Lugazi, Mpigi na Mityana zinafaa pale ambapo angalau mmoja anapata riziki yake kule kule: duka, ualimu, zahanati, ufugaji, kushona, kusaga nafaka. Miji hiyo ni miji kamili, ina masoko yake na kazi zake. Anayeifanya chumba cha kulala tu huishia kupanga chumba cha pili Kampala kwa siku za kazi, na hapo ana nyumba mbili na familia nusu.

Maji na umeme vinafuata. Angalia nguzo ya mwisho ya umeme iko wapi. Kama ni mbali, gharama ya kuuvuta inaweza kukaribia bei ya kuezeka. Tangu Aprili 2025 usambazaji umerudi mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika, kwa hiyo maombi yanapelekwa kwao. Bomba la shirika la maji, NWSC, halifiki kila kilima. Tangi la mvua na bati nzuri vimewaokoa wengi wetu, na nashauri tangi liingie kwenye bajeti ya kwanza, lisiachwe kwa "baadaye".

Usinunue bondeni. Mabonde ya mafunjo yanauzwa kwa bei ya kuvutia wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na udongo umepasuka. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu waliojenga kwenye kinamasi cha Lubigi, na kilio chao nchi nzima ilikisikia. Kando ya barabara kuu nako kuna eneo la akiba la barabara. Nyumba yenye alama ya X ya rangi nyekundu ukutani haifai kununuliwa hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba alama hiyo ni ya zamani.

Juu ya mikopo ya nyumba nitasema machache, kwa sababu kwa wengi wetu haifiki. Mkopo wa milioni 100 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 15 unalipwa kama milioni 1.54 kila mwezi, jumla kama milioni 277. Wenye mshahara wa kubeba hilo ni wachache. Ndiyo maana karibu kila nyumba unayoiona Bombo au Mukono imejengwa kwa mafungu: msingi mwaka huu, kuta hadi linta mwaka ujao, bati baada ya mavuno au baada ya zamu ya kupokea kwenye chama. Watu hudharau nyumba hizi zinazokaa miaka mitano bila madirisha. Mimi naziheshimu. Ni akiba isiyokopwa, na mwenye nayo analala usingizi. Ila chora ramani na uipeleke kwa baraza la mji kabla ya kuchimba msingi. Idhini ya ujenzi ni rahisi kuipata ukiwa na uwanja mtupu kuliko ukiwa na kuta.

Ukiona nyumba ambayo mtu ameiachia kwenye linta anaiuza, usiipite haraka. Mara nyingi aliyeijenga amefilisika au amehama, na matofali na kazi unavipata kwa chini ya gharama. Mpeleke fundi wako aangalie nyufa za msingi, kisha urudi kwenye maswali yale yale ya haki.

Na kabla ya yote hayo, pangeni nyumba kule kwanza. Mji mdogo una nyumba nzuri za kupanga kwa bei ambayo Kampala ingekupa chumba kimoja, na sheria ya upangaji ya mwaka 2022 inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kaeni mwaka mzima, mvua zote mbili. Mtajua shule ipi walimu wanahudhuria, zahanati ipi ina dawa, kijito kipi hufurika, na barabara gani boda boda wanakataa kupita usiku. Mtajua majirani, nao watawajua. Sisi tulipanga Bombo miezi kumi na minne kabla ya kununua, na ni jirani yetu, hajati mmoja muuza mandazi, aliyetuambia nani anauza kwa sababu anahama na nani anauza kwa sababu ana kesi.

Nimemwambia binamu asilipe hata shilingi ya kushika nafasi. Ameomba namba ya bloku na poloti ya ile ya milioni 22, na kwa ile ya milioni 12 ameomba jina la mwenye ardhi na risiti za busuulu. Muuzaji wa ile ya milioni 22 amemtumia namba siku hiyo hiyo: Bulemeezi, kama ilivyotakiwa. Yule wa milioni 12 amesema risiti ziko kwa kaka yake. Binamu anaingia na basi la Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi tunakwenda pamoja ofisi ya ardhi.